Shingo ni ya Mchinjaji

Mtaani kwetu Nateete, Kampala, kuku hakuingia chunguni kabla hajapita mikononi mwake. Mbuzi wa harusi, kondoo wa akika, ng'ombe wa Idi, wote walianzia kwake. Jina alikuwa nalo, tena zuri, lakini watoto kwa wakubwa tulimwita Mchinjaji, na alipoitwa jina lake halisi alikawia kuitika. Mambo ya kuzaliwa kwake, na ya babu yake aliyeletwa huku na jeshi kutoka Sudani, waulizwe Wanubi wenzake. Mimi nilikuwa mpishi wa shughuli, ukoo wetu ni wa wafanyabiashara waliotoka pwani zamani, na mtu huyu nilimjua kwa njia ya nyama. Wapo niliowajua kwa njia mbaya kuliko hiyo.

Ujira wake ulikuwa shingo. Hakutaka kingine. Ukimpelekea kuku, shingo ni yake. Ukimpelekea mbuzi, vilevile. Tena alikuwa na masharti: shingo ipikwe pamoja na nyama nyingine, itolewe ya kwanza, aletewe yeye, na asile mtu mpaka yeye awe amekula. Wageni walidhani ni ulafi. Hata mimi, nilipoolewa mtaani pale, nilinung'unika sana, maana hakuna mpishi anayependa kufunuliwa sufuria kabla ya wakati. Aliyenieleza ni mkewe, ambaye sote tulimwita Haboba, yaani bibi kwa Kinubi. Mumewe alikuja na desturi hiyo kutoka safarini. Porini, Waislamu wa msafara walikuwa hawali mnyama aliyepigwa risasi mpaka wajue amechinjwa akiwa hai, na hawakuwa na njia ya kujua ila kumtazama aliyeshika kisu. Akila, ni halali. Akiacha, wanalala na ugali mkavu.

"Mdomo yake ndiyo shahidi," Haboba aliniambia, kisha akaendelea kumenya ndizi zake.

Kuchinja katika misafara ndiyo kazi aliyoifanya miaka mingi kabla hajarudi mjini kuchinja kuku wetu. Wazungu walikuja kuwinda kule kaskazini, na kila msafara ulihitaji mtu kama yeye: si mwenye bunduki, si mfuata nyayo, bali Mwislamu mwenye mbio na kisu kikali. Bunduki ikilia, yeye keshaondoka. Mnyama akianguka huwa bado ana pumzi chache, na katika pumzi hizo ni lazima afike, ataje jina la Mungu, akate. Akichelewa, nyama yote ile ni mzoga.

Ungemwona Nateete usingeamini habari za mbio. Alitembea kama mtu aliyeangusha sindano na anaitafuta. Kutoka kwake hadi sokoni angeweza kukawia mpaka ukasahau ulimtuma nini, na njiani alisalimia kila mlango. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akimtania kwamba wanyama wa kaskazini lazima walikuwa wakimsubiri kwa adabu. Mchinjaji alicheka meno yote nje, hakukasirika hata kidogo.

Nilichopenda zaidi ni kumsikiliza akisimulia twiga. Kibali cha kumwinda kilikuwa kigumu kupatikana, na wengi waliokipata walimtaka kwa ajili ya ngozi na mkia tu. Kumwendea ni kazi ya subira, alisema, kwa sababu anakuona wewe hujamwona. Hata ujifiche nyuma ya kichuguu, yeye yuko juu anakutazama utosini. Mnakwenda upepo ukiwapiga usoni. Akiinamisha shingo kwenye miiba ale, mnasogea. Akiinua, mnaganda hapo hapo, hata kama umekanyaga siafu. Wale ndege wadogo wanaokaa mwilini mwake kula kupe wakiruka kwa kelele, kazi imeharibika, rudini kambini. Mwenye bunduki hapigi kichwa, maana ni kidogo na kiko mbali. Anapiga nyuma ya bega, atafute moyo.

"Halafu haanguki," alikuwa akisema. "Ng'ombe unapiga, naanguka. Huyu nasimama kwanza. Nafikiri. Halafu magoti. Halafu shingo nafuata nyuma, pole pole."

Hapo alisimamisha mkono wake wa kulia kuanzia kwenye kiwiko, kisha akaulaza taratibu mpaka ukagusa jamvi, na baraza nzima ilinyamaza mpaka mkono ufike chini. 

Yeye alimwendea kwa upande wa mgongo, kwa sababu teke la twiga linaua simba. Hakukata kooni juu kama mbuzi. Alichoma chini kabisa, pale shingo inapokutana na kifua, kama anavyochinjwa ngamia. Lakini kabla ya kisu alichuma ujani, akaugusisha kwenye kope. Kope ikisogea, mnyama yu hai, chinja. Isiposogea, weka kisu alani, mambo yamekwisha. Alisema twiga ana kope za bibi harusi na kwamba hakuna mnyama aliyemtia haya kumtazama kama huyo. Ukimuuliza kama alimhurumia, alijibu ndiyo. Ukimuuliza kama nyama yake ilikuwa tamu, alijibu ndiyo, kwa sauti ile ile.

Ndivyo alivyokuwa, mambo mawili yalikaa ndani yake bila kugombana. Mikono yake ilikuwa imechinja wanyama wasiohesabika, lakini siku Haboba alipojikata kidole akimenya matoke, Mchinjaji aliiona ile damu akaanguka chali mlangoni, tukamwacha Haboba na kidole chake tukaenda kummwagia maji mumewe. Hakuchinja mnyama mbele ya mwenziwe. Kisu alikificha nyuma ya kanzu mpaka dakika ya mwisho, hata kwa kuku, na kuku mwenyewe alimsemesha kwa Kinubi, maneno ambayo Haboba alikataa kunitafsiria. Kisu kile hakikukata kitunguu wala kamba. Niliwahi kukiomba siku ya harusi, vyangu vikiwa vimepotea katika ghasia, akanitazama kana kwamba nimemwomba mkewe.

Alikuwa na mshindani mmoja wa maneno, Mwalimu wa chuo chetu cha Korani, mtu wa asili ya pwani kama sisi. Jioni walikutana barazani kwangu, kwa chai na mandazi, na ugomvi wao ulikuwa huo huo wa twiga. Mwalimu alishikilia kwamba katika madhehebu yetu wanazuoni wamehitilafiana juu ya nyama yake, na penye shaka ni heri kuacha. Mchinjaji alisema Wanubi hawana shaka yoyote, nyama ni nyama, na kwamba shaka ya Mwalimu ingeisha kwa mshikaki mmoja. Walibishana hivyo miaka nenda miaka rudi. Nadhani kila mmoja angeumwa kama mwenziwe angekubali.

Kisha ikaja miaka ya wanajeshi, na baraza ikapoa. Watu walijifunza kuzungumza juu ya sukari, ilivyoadimika, na mvua, basi. Kwa Mchinjaji kulikuwa na jambo la ziada. Wanubi walisemwa kuwa ni watu wa wakubwa, na lugha yao ilisikika katika kambi za jeshi, kwa hiyo jirani aliyekuwa akimletea kuku huku anacheka, sasa alimletea huku anatetemeka, akamwita mheshimiwa. Lilimuuma sana. Alikuja jikoni kwangu akakaa juu ya gogo la kuni, akasema, "Mwanangu, sasa watu naniogopa. Mimi, na kuku." Nikampa chai.

Basi kulikuwa na ofisa mmoja wa jeshi, Mwislamu, aliyepewa nyumba kilimani Naguru, moja ya zile walizoziacha Wahindi walipofukuzwa. Akataka kusoma maulidi ya kuhamia. Mbuzi kila mkubwa alikuwa nao, ng'ombe pia. Yeye akataka kuwalisha wazee wa Kiislamu wa Kampala nyama ya twiga. Akatuma askari na gari kaskazini, na njiani wakapita Nateete kumchukua Mchinjaji. Hawakumuuliza kama ana nafasi. Siku hiyo hiyo mimi nilifikiwa na amri ya kupika. Haboba alishinda mlangoni kwangu mpaka nilipoondoka kwenda Naguru, mikono mapajani, na chakula nilichomwekea kilipoa.

Lori lilifika Naguru Alhamisi, jua likichomoza. Tulikuwa tumeshawasha moto nyuma ya nyumba, mimi na wanawake wenzangu wa shughuli. Askari wakatupa mapande chini, juu ya majani ya migomba. Msaidizi wangu, Mganda, mkono mwepesi katika nyama kuliko mimi, alilishika pande moja akaliacha.

"Nyabo," aliniambia kwa sauti ya chini, akiniita mama kwa Kiganda, "hii nyama iko na damu nyingi ndani. Nyama ya Mzee haikuwaga hivi."

Nikaitazama. Ilikuwa nyeusi. Nyama iliyochinjwa humwaga damu yake ikabaki nyekundu safi. Hii damu yote ilikuwa imelala ndani. Mpishi hahitaji kuambiwa. Huyu twiga alikuwa amekufa kabla kisu hakijafika, na mle barazani walikuwa wanakuja wazee wa misikiti kadhaa kula mzoga kwa ushahidi wa jirani yangu. Nikamtafuta kwa macho. Alikuwa amesimama karibu na lori, kanzu ina vumbi mpaka kifuani, na askari mmoja yuko nyuma yake. Nikamwendea na kikombe cha chai. Nikamuuliza, mbele ya yule askari, kama amechinja yeye.

"Kisu kimepita, mwanangu," alinijibu. Chai hakuipokea. Nilidhani ni uchovu.

Nilipika. Nasema hivyo bila kujitetea, bunduki zilikuwa zimeegemezwa kwenye ukuta wa jiko. Nilikaanga vitunguu, nikatia binzari na iliki, nikapika pilau kama ninavyopika siku zote. Mwalimu alifika mapema kupanga wasomaji, akapita jikoni, akanywa vikombe viwili vya chai na kula mandazi yangu, akaulizia vitabu viko wapi. Sikuthubutu kumwambia kitu. Nilichokuwa nafikiri ni hiki tu: Mchinjaji akila ile shingo, wote watakula, na yeye hatajisamehe maisha. Asipokula, ofisa atajua kuwa ameaibishwa, na waliowaaibisha watu wale hawakuwa wakirudi nyumbani.

Ofisa aliijua desturi. Ndiyo iliyomfurahisha. Kwa ukubwa wake aliagiza shingo ipikiwe sufuria yake peke yake, na baada ya sala ya adhuhuri na kisomo, wazee wakiwa wamekaa safu mbili kwenye mikeka barazani, ikapelekwa kwenye sinia, pande kubwa la nyama ya shingo juu ya wali, ikawekwa mbele ya Mchinjaji. Mimi nilikuwa dirishani mwa jiko.

"Mzee, shingo yako hiyo," ofisa alisema. Alikuwa mchangamfu, mwenye sauti nzuri. "Desturi mimi najua. Kula, watu nangoja."

Mchinjaji aliitazama sinia kwa muda. Kisha akaisogeza mbele kidogo, kwa adabu, kama unavyofanya umeshashiba.

"Ahsante, afande," alisema. "Mimi nimefunga. Leo Alhamisi."

Kufunga Alhamisi ni sunna, kila mtu pale alijua. Na kila mtu pale alijua pia kwamba mtu huyu, miaka yote, hajawahi kukosa kula shingo aliyoichinja. Mkono wa mzee mmoja uliokuwa umeshaelekea sinia ulirudi pajani.

Mwalimu akakohoa. Angeweza kusema kwamba madhehebu yake yana shaka na twiga. Ilikuwa kweli, angebaki salama, na Mchinjaji angebaki peke yake. Badala yake alisema, "Nami nimefunga," mtu aliyekuwa na makombo ya mandazi yangu kwenye ndevu. Aliyekaa kando yake akasema amefunga. Na wa pili yake. Ilizunguka safu mpaka mwisho ikarudi na safu ya pili, kila mmoja kwa sauti ya kawaida, na mimi dirishani nilikuwa nalia bila kupangusa.

Ofisa akamgeukia askari aliyekwenda kaskazini.

"Huyu mzee alichinja ao hapana?"

"Kisu aliweka, afande. Mimi naona na macho yangu."

Ofisa akavuta sinia kwake. Akakata pande kwa mkono, akalila, anamtazama Mchinjaji usoni, akatafuna muda mrefu. Nadhani alikuwa ameshajua, na nadhani kwamba kama angekuwa peke yake angelitema. Alipomeza akawaambia wazee waombe dua waende.

Mchinjaji kweli alikuwa amefunga. Ile chai alinikatalia asubuhi kwa sababu alikuwa ameshanuia kufunga, hakutaka kumwepuka mtu kwa uongo. Mwalimu yeye alidanganya, akajua, na Jumatatu iliyofuata alifunga kutwa nzima kulipa, akapita barazani kwangu akanuna kila nilipomcheka.

Siku chache baadaye gari lilikuja Nateete kumchukua Mchinjaji mchana kweupe, sote tukiwa milangoni. Majuma mengi yakapita. Haboba alikuwa na haki ya kulia tukamwomba alie, akakataa, alisema mtu ambaye hajafa haliliwi. Kisha asubuhi moja tukamwona anakuja kutoka stendi ya teksi kwa ule mwendo wake wa kutafuta sindano, anasalimia kila mlango. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa. Kilipofunguliwa, vidole vitatu vilikuwa vimekunjwa ndani na havikukunjuka tena. Hakusema walimfanya nini, na hakuna aliyemuuliza. Kuku wakawa wanachinjwa na mtu mwingine, kijana mzuri tu. Watu waliendelea kumpelekea Mchinjaji shingo, kwa heshima, naye alizirudisha kila mara, akisema hakuchinja yeye.

Habari za twiga hakuzisimulia tena. Hata Mwalimu alipomchokoza kwa makusudi, ili ugomvi wao urudi, alicheka kidogo akauliza habari za mvua.

Asubuhi ninayotaka kumalizia nayo ni ya mwaka ule serikali ya wanajeshi ilipoanguka. Tulishangilia, na mimi nilishangilia. Kabla vigelegele havijapoa watu wakaanza kuwatafuta Wanubi, nyumba kwa nyumba, ili wawalipishe ya wale wakubwa. Mtu aliyevunjwa vidole na mkubwa akawa anaitwa mtu wa wakubwa. Mpaka leo nikilikumbuka napandwa na hasira. Alikuja kwangu na Haboba, Haboba ana furushi kichwani, yeye ana jogoo kwapani. Lori la kuelekea kaskazini lilikuwa linawangoja nyuma ya soko. Mwalimu alikuwa amewasindikiza.

Mchinjaji akatoa kisu kutoka nyuma ya kanzu, kile kile, akanipa upande wa mpini.

"Chinja, mwanangu. Tule pamoja halafu sisi nakwenda."

Nikasema mimi ni mwanamke, kwetu mwanamke hachinji. Nikamtazama Mwalimu aniokoe.

"Sharia haina neno," Mwalimu alisema. "Mwenye neno ni mtaa wetu tu. Chinja."

Tukachuchumaa nyuma ya jiko. Mchinjaji alimshika jogoo kwa mkono wa kushoto na kumsemesha Kinubi chake. Kisha, bila kuniangalia, akaniambia habari ya yule twiga. Askari walimfukuza kwa gari, wakapiga risasi nyingi kwa pamoja. Yeye aliruka chini akakimbia kama zamani.

"Nafika, naweka ujani kwenye kope. Kope hapana sogea." Akamgeuza jogoo kuelekea kibla. "Askari naweka bunduki hapa, shingoni. Nasema chinja. Basi kisu nilitia. Jina la Mungu sikutia. Hiyo mdomo yangu, hawakuipata."

Akanionyesha kwa kidevu mahali pa kukata. Akaweka ule mkono wake mbovu juu ya wangu, mzito na wa moto, wala hakuusukuma. Nikataja jina la Mungu. Nikakata.

Nilimpika kwa haraka, nyanya na chumvi tu, lori lilikuwa linapiga honi. Shingo niliitoa ya kwanza nikamwekea kwenye sahani. Kwa sababu hakuchinja yeye, nilitegemea ataikataa, kama alivyozikataa zote. Aliitazama, akaishika kwa vile vidole viwili vya kulia vilivyobaki na nguvu, akasema bismillahi, akala mpaka mfupa ukawa mweupe. Sisi watatu tulingoja. Alipouweka mfupa chini akatuambia tule, nasi tukanyoosha mikono.